Wimbo wa Mlangoni wa Bi Mwanakombo

Mumbua alikuja siku ya khitima ya Mwanahamisi, nami sikumjua. Niliona mwanamke mzee wa bara, mtandio kaufunga kama wanavyofunga watu wasiouzoea, bakora mkononi, avua viatu kwa taabu pale kizingitini huku wanawake wakisogea kumpisha. Nikadhani ni mtu aliyefanya kazi na watoto wa marehemu huko Changamwe. Akaja moja kwa moja hadi mkekani nilipokaa, akainama, akanishika mkono, akasema, "Pole na msiba, Mwanatumu." Uso ulikuwa wa mtu mwingine kabisa, lakini sauti ilikuwa ile ile, ile ya kupanda juu mwisho wa maneno, kana kwamba kila alisemalo auliza. Nikamwambia, "Nishapoa, Bi Kaseti," na hapo ndipo tulipolia sote wawili mbele za watu, sinia la wali likiwa katikati yetu. Wanawake wa rika la wajukuu wetu walitutazama wasijue ni nini. Walijua kwamba Mwanahamisi alikuwa mwenzangu tangu utoto. Hawakujua kwamba mgeni yule aliwahi kulala nyumbani kwetu Jomvu Kuu karibu mwaka mzima, akala tulichokula, akaondoka na kitu ambacho sisi tuliobaki hatujakipata tena.

Katika waliopiga pembe za ngoma yetu mwaka ule aliokaa nasi, nimesalia peke yangu. Saumu alitangulia, akafuata Zuhura, kisha Mishi wa Mzee Kombo, kisha Mwanajuma aliyekuwa akipigia mkono wa kushoto, na sasa Mwanahamisi. Majina nayakumbuka yote, hata ya waliokuja mara moja tu kutazama wakasimama dirishani. Maneno ya wimbo ndiyo yaliyonitoka. Mjukuu wangu Rahma, anayesoma chuo kikuu, alikuwa akipitisha kahawa, akasikia nikimwita mgeni Bi Kaseti, akasimama na birika lake. "Kumbe ndiye wewe, shangazi? Nyanya kila siku atuambia habari zako." Akachutama mbele yake. "Kaka Athumani aoa baada ya Ramadhani, na Nyanya ataka sana wimbo wa mlangoni uimbwe. Si uliutia kitabuni? Basi tupe tuusome, tujifunze." Alisema kwa furaha, kama mtu aliyekuta duka liko wazi ilhali aliambiwa limefungwa. Mumbua akaweka kikombe chini polepole. "Sina, mwanangu," akasema. "Hata mimi sina."

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, mwaka ambao masika yalinyesha kidogo yakakatika. Nilikuwa nakaa kwa Bi Mwanakombo, mwimbishaji wetu, nikimsaidia kukanda unga wa mahamri ya kuuza. Nyumba yake ilitazama njia ya msikitini, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa chumba cha kila jambo: kitanda cha kamba pembeni, sanduku la nguo lenye misumari ya shaba, mikeka imeviringishwa ukutani, na juu ya sanduku pembe zimetundikwa kwa ugwe, kila moja na mwenyewe. Pembe za nyati, zimesuguliwa na kupakwa mafuta hata zikang'aa. Hupigwa kwa kijiti, na ngoma yake ndiyo vugo, ngoma ya sisi wanawake, ya harusi. Chumba kile kilinukia mafuta ya nazi na kafuri, na mchana samaki wa kukaanga kutoka uani. Hata leo nikipita mahali nikasikia harufu hizo pamoja hunibidi nisimame kidogo.

Lazima nieleze mlango, maana watoto wa siku hizi hawaujui. Upande wa bwana harusi ulipokuwa ukimpelekea bi harusi vitu vyake, tulikwenda kwa vugo tangu nyumba yetu hadi nyumba yao, na tulipofika tulikuta mlango umetiwa komeo. Ndani wamejaa wanawake wa upande wa pili, wameuegemea kwa migongo, watutolea maneno. "Nani hao? Wamekuja kuoa au wamesikia harufu ya biriani?" Nasi tukajibu kwa wimbo. Wimbo wa mlangoni ulikuwa mrefu, una beti za kutaniana, na za sifa, na za kumwombea mwali, na ulikuwa wake Bi Mwanakombo. Baadhi ya beti alizirithi, nyingi alizitunga. Yeye alianza, sisi tukaitikia. Na ubeti wa mwisho alitutaja mmoja mmoja, pembe kwa pembe, kila mtu jina lake na neno lake moja la kumsifu, kisha akajitaja mwenyewe. Jina lake likitoka kinywani ndipo komeo likavutwa. Kabla ya hapo hata inyeshe mvua hufunguliwi. Aliniambia siku moja nikimkanda mabega, "Mwanatumu, mlango haufunguliwi watu wasio na majina. Wezi ndio waingiao bila kujitaja."

Mumbua aliletwa na mwalimu Hamadi wa shule ya msingi. Alikuwa msichana wa Kikamba aliyezaliwa Machakos, akisoma huko ng'ambo, na ametumwa na walimu wake aje kutafuta jambo la kuandika. Alikuwa na begi la nguo, na redio kubwa ya kaseti ameipakata kama mtoto. Bi Mwanakombo alimkaribisha chai ya tangawizi na mahamri ya jana, akamwacha ale kwanza. Kisha akamwuliza, "Nyimbo zetu wazitakiani, mwanangu?"

"Nimesikia nyimbo yenu ni mzuri sana, mama. Nataka kuiandika."

"Huyo mzuri yuko wapi?" Mwanahamisi akadakia kutoka uani. "Mleteni tumuone."

"Mwache mgeni," Bi Mwanakombo akasema, ela naye alikuwa akicheka. "Uiandike iwe nini?"

"Iwe kitabu. Watu wasome."

"Watu gani?"

Mumbua akafikiri kidogo, akajibu, "Watu wote." Nakumbuka vile Bi Mwanakombo alivyomtazama. Ni jibu ambalo mtu mzima asingelitoa, angelitaja watu fulani. Alimpa chumba cha ndani, cha kulala pamoja nami.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya kicheko. Alizoea haraka, msichana yule. Alijifunza kula pweza baada ya kumtazama siku mbili tatu kwa mashaka. Alikwenda na sisi mtoni kwenye mikoko kubandua chaza, akarudi magoti yamechanika, akawala chaza wengi kuliko mtu yeyote. Alikuwa akiandika hata tukila. Zuhura alikuwa akikohoa kwa makusudi, kisha amwulize, "Na hicho umekiandika?" Nyumba haikuwa na stima, na betri za redio zilikuwa zikichoka upesi, basi asubuhi tulizianika uani juani, juu ya kipande cha bati karibu na nazi kavu, zipate nguvu tena. Tulikuwa tukirikodi baada ya sala ya adhuhuri, watoto wamefukuzwa njiani, jogoo amefunikwa tenga. Mara ya kwanza alipoturudishia sauti zetu, Bi Mwanakombo alisikiliza kichwa kimeinama. Kaseti ilipokwisha akauliza, "Huyo ni mimi? Mbona ni sauti ya bibi kizee?" Tukacheka. Yeye hakucheka. "Na huyo akwaruzaye ni nani?" akauliza tena, na hakuna aliyemjibu, maana aliyekuwa akikwaruza alikuwa yeye.

Hivyo ndivyo tulivyojua. Sisi tuliokaa naye kila siku hatukuwa tumesikia. Ile mashine ndiyo iliyosikia kwanza. Alikuwa na kitu kooni. Alianza kuacha mkate, akala wali uliolowana, kisha uji wa mchele wenye tui, na hata uji nikauona washuka kwa shida, mato ameyafumba. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimwandikia kombe, aya za uponyo, kwa zafarani kwenye sahani, tukaiosha akanywa. Tulimpeleka hospitali mjini, mimi na Mwanahamisi, tukakaa kwenye benchi hadi viti vyote vikaisha watu. Daktari alizungumza kwa upole, akasema sauti hiyo aiweke akiba, asiimbe, na kama ana jambo la kusema kwa urefu basi aliseme mapema. Njia yote ya kurudi alikuwa amelishika buibui lake kidevuni. Tulipovuka Makupa akasema, "Basi haitoshi kwa yote mawili."

Yote mawili yalikuwa haya. Wakati ule kulikuwa na wasichana wadogo kina Mishi waliotaka kufundishwa wimbo wa mlangoni, na kufundisha kulitaka sauti, maana ubeti huurudia hata umkae mtu. Na kulikuwa na Mumbua, ambaye alikuwa amepata vipande vipande tu, hana wimbo mzima. Bi Mwanakombo alituita sote akatuketisha chumba cha mbele. Nilipika samaki wa kupaka siku hiyo na hakuna aliyekula vizuri. Mishi akasema, "Tufundishe sisi, Bi. Sisi tuko hapa. Huyu kesho yuwaenda zake." Alisema mbele ya Mumbua, bila ya kumficha. Na Bi Mwanakombo akamjibu, kwa sauti ile iliyokuwa imeanza kuwa ya upepo, "Wewe Mishi waposwa na mtu wa Tanga. Mwaka ujao u Tanga, wapikia watu wa Tanga, na wimbo wangu umeusahau jikoni kwa mama mkwe. Kitabu hakiolewi kikahamishwa Tanga. Kitabu hukaa. Akizaliwa mtoto wa Jomvu miaka mingapi baadaye, akitaka, atakwenda kukisoma."

Hakuna aliyebisha. Watu wa leo huniuliza, kwa nini hamkubisha? Lakini sisi kitabu tulichokijua ni msahafu, na vyuo vya masheikh, yaani vitabu vyao vya dua na mashairi, vinavyokaa juu ya rafu nyumbani, na jirani akikitaka chuo huja akabisha hodi akakisoma au akakinakili kwa mkono wake akaenda nacho. Hivyo ndivyo maandishi yalivyokuwa kwetu. Haikutupitia kwamba kuna maandishi ambayo huandikwa kisha yakafungiwa, na mwenye maneno akawa hana ruhusa. Nimelifikiri jambo hili miaka mingi, na bado sioni tungelijuaje.

Mumbua alitoa karatasi yake ya kutiwa sahihi, akaanza kuieleza. Bi Mwanakombo akaisukuma kando kwa kidole. Akaagiza nimwangulie pembe yake kwenye ugwe, akamwekea Mumbua mikononi. "Kwetu huwa hivi," akamwambia. "Mimi nakupa amana mbele ya hawa. Sharti zangu ni mbili. Mtu yeyote akitaka kuusoma asizuiwe, awe wa hapa au wa kwenu. Na majina yetu yasiondolewe humo. Wapokea?" Mumbua aliipakata kifuani, pembe ni nzito kwa asiyeizoea. Akasema, "Napokea." Mwanahamisi akanong'ona, "Aseme nimeipokea." Akasema, "Nimeipokea amana."

Tukarikodi. Ilikuwa kazi ya kuumiza kuitazama. Alikuwa akiimba ubeti, akapumzika, nikampa maji ya asali kwa kijiko, akaimba mwingine. Sisi tulipiga pembe taratibu tusimfunike. Baadhi ya siku halikumtoka neno lolote, na Mumbua akakaa tu naye akimpepea kwa kipepeo cha ukili, kaseti imezimwa. Siku ya ubeti wa mwisho sauti ilikuwa ndogo hata Mumbua akamsogezea redio karibu na kidevu. Akatutaja. Saumu. Zuhura. Mishi. Mwanajuma. Mwanahamisi. Mimi. Alinitaja na neno langu la sifa, na neno lile nilikuwa nimelisikia harusi nyingi, lakini siku hiyo lilinifanya nigeuze uso ukutani. Kisha akajitaja, na alipojitaja Zuhura alisimama bila kufikiri akaenda kuufungua mlango wa chumba, kwa mazoea tu, na nje hapakuwa na mtu, palikuwa na jua na mbuzi. Mumbua akabonyeza kile kidude, kaseti ikasimama. Bi Mwanakombo hakuimba tena. Wasichana walipokuja kumwuliza maneno alikuwa akionyesha kwa mkono kule redio iliko. Na sisi tukawaambia vivyo hivyo, ngojeni kitabu. Tulikuwa na raha ya mtu aliyekwisha kuweka mali yake mahali pa salama. Alifariki kabla ya vuli, na Mumbua alikaa nasi hadi arubaini ikapita, kisha mwalimu Hamadi akampeleka uwanja wa ndege.

Mishi alikwenda Tanga kweli.

Miaka ya tisini ilikuwa imeanza zamani mwalimu Hamadi alipokuja kutuambia kwamba Mumbua ametuma salamu, na kwamba kazi yake imetoka, si kitabu bali jarida, lile la watu wa vyuo vikuu ambalo hutoka mara kadhaa kwa mwaka. Mwanahamisi alipiga kigelegele barabarani. Tulikaanga mahamri, tukayagawa kwa majirani tukiwaambia wimbo wa Bi Mwanakombo umetoka. Kisha tukavaa mabuibui mapya, mimi na yeye, tukaenda mjini kwenye maktaba kubwa. Sisi madarasa yetu yalikuwa mawili matatu tu, ela kusoma Kiswahili tulikuwa twajua. Aliyetupokea alikuwa Bwana Safari, Mgiriama mmoja mwenye adabu sana, akatuletea viti. Tulimweleza. Akatafuta kwenye visanduku vyake vya kadi, akaenda ndani akakaa, akarudi. "Mama zangu," akasema, "jarida hilo lipo duniani, lakini hapa halipo. Ni la ng'ambo. Hulipiwa kila mwaka, na sisi hatulipii."

"Hatutaki jarida lote," Mwanahamisi akasema. "Twataka wimbo wetu tu."

"Naelewa, mama."

"Wimbo ni wetu sisi. Huyu ametajwa ndani. Mimi nimetajwa ndani."

"Naelewa. Lakini wenye jarida ndio wenye ruhusa."

Mwanahamisi akamsogelea. "Wenye jarida wapiga pembe ipi?" akamwuliza. Bwana Safari akacheka, kisha akaacha kucheka, akatutoa hadi ngazini akituomba radhi kana kwamba ni yeye aliyefunga. Tulikunywa maji ya madafu pale nje tukiwa tumesimama. Ndani ya basi Mwanahamisi akasema, "Basi kimeolewa. Kimehamishwa mbali kuliko Tanga." Tangu siku ile kila nilipomwuliza kama anakumbuka ubeti fulani alikuwa akisema anao nusu. Mimi nilikuwa na nusu nyingine, na nusu zetu hazikukutana. Zilikuwa zikizidi kupungua kila mwaka, hatuna la kufanya. Kila mmoja wetu akimwona mwenzake alikuwa akimwona akisahau.

Sasa nirudi matangani. Rahma hakuridhika na lile jibu la "sina". Alitoa simu yake akatafuta hapo hapo, na kwa muda mfupi akapiga ukelele mdogo, akatuonyesha. Kichwa cha maneno, jina la Mumbua chini yake, jina la Jomvu katikati ya maneno ya Kizungu. Rahma akashusha kwa kidole, na baada ya mistari michache ikaja picha ya kufuli. "Hapa ndipo huisha," akasema. "Hadi ulipie, au chuo chako kiwe kinalipia. Chetu hakilipii hili." Akamgeukia Mumbua. "Lakini shangazi, ni yako. Wewe huwezi kufungua?"

Mumbua alieleza akiwa ameinamia mikono yake. Walipokubali kuichapisha alitia sahihi kwamba maneno ni mali ya wenye jarida. "Nilikuwa mdogo, Mwanatumu. Niliona jina langu tu, sikuona kitu kingine." Nakala chache alizopewa alizigawa kwa walimu wake, yake mwenyewe ikapotea katika kuhama. Kaseti na maandishi yote aliyaacha chuoni kwao ng'ambo kama desturi yao, yakawekwa stoo, na alipouliza baadaye akaambiwa hayajulikani yaliko, labda yaliharibika kwa unyevu. Alipokuwa akifundisha alikuwa na namna ya kuingia kwenye jarida kupitia chuo. Siku alipostaafu ikakatwa. "Nimewaandikia nikawaomba. Nimejibiwa na mashine, imeniambia asante kwa kuuliza." Hakuna mtu mkekani aliyemlaumu. Ningependa kusema nilikuwa na hasira, ingekuwa kitu cha kushika. Nilimwona tu msichana aliyepewa pembe nzito, akisema nimeipokea.

Rahma ni mtoto wa kushikilia jambo. Ana mwenzake asomaye ng'ambo, kwenye chuo tajiri, akamwomba, na baada ya siku kidogo makala yote yakaingia kwenye simu yake. Mumbua alikuwa bado yuko nasi, amefikia kwangu, chumba kile kile cha ndani cha nyumba ya Bi Mwanakombo. Tukaketi chumba cha mbele baada ya adhuhuri kama zamani. Nilimwambia Rahma asome ubeti wa kwanza polepole, huenda ukinijia nitauitikia. Rahma akaanza kutafuta. Akashusha, akapandisha, akashusha tena.

"Nyanya, ni Kizungu."

"Maelezo ni Kizungu, najua. Wimbo."

"Hata wimbo. Wote ni Kizungu."

Mumbua alikuwa amefumba mato. Alikuwa amesahau, au alikuwa amejisahaulisha, sijui. Akasema wenye jarida walimtaka apunguze kurasa, wakamwambia wasomaji hawajui Kiswahili, maneno ya asili hayana haja. Akachukua simu akajaribu kunirudishia. "Tufungulie, mwenye nyumba, tumetoka mbali," akasoma, akinitazama.

"Si hivyo," nikasema.

"Ilikuwaje?"

"Sijui. Lakini si hivyo."

Akajaribu tena kwa maneno mengine. Nikamwambia si hivyo. Tulikwenda hivyo ubeti baada ya ubeti, yeye akisoma mimi nikikataa, na hakuna kati yetu aliyekuwa na kilicho sawa. Nilikuwa nangojea mwisho. Nilijua kwamba jina halina Kizungu, Saumu ni Saumu popote, na kando ya jina langu kulikuwa na lile neno langu, nilitaka kulisikia hata kwa Kizungu. Rahma akafika mwisho. Hapakuwa na majina. Tulikuwa tumeandikwa mwimbaji wa kwanza, wa pili, wa tatu, na chini kabisa kwa herufi ndogo ilielezwa kwamba mwimbaji humalizia kwa kuwataja wenzake, na kwamba majina yameachwa ili kuwakinga. Ndiyo kanuni ya walimu wake, Mumbua akasema, hakuwa na hiari.

"Kutukinga na nani?" nikamwuliza. Sikuuliza kwa ubaya. Nilitaka kujua. Akanishika mkono, tukakaa hadi adhana ya alasiri.

Harusi ya Athumani ilikuwa Kisauni, kwa kina mkewe. Siku hizi watu huenda kwa magari na spika, na nyimbo hutoka kwenye simu, nzuri tu, sina ubaya nazo. Lakini wale wa upande wa pili waliambiwa na Rahma kwamba nyanya ataka mlango wa zamani, wakafanya adabu, wakautia komeo, wakajazana ndani wakicheka. Niliangua pembe ya Bi Mwanakombo, na Mumbua akashika yangu, maana zilizobaki hazina wapigaji. Tukasimama kizingitini katika jua, nyuma yetu wasichana na masinia vichwani. Mmoja ndani akaita, "Nani hao? Wamekuja kuoa au wamesikia harufu ya biriani?" Sijui alilisikia wapi neno lile, huenda kwa nyanyake.

Nilipiga pembe. Nilifungua kinywa nikangojea, nikidhani pengine mahali penyewe patanikumbusha. Hakikuja kitu. Mumbua alikuwa akipiga taratibu kando yangu, mapigo yakimkosa. Nikapiga tena, na nilichokuwa nacho ndicho nilichokitoa. Saumu, nikasema. Zuhura. Mishi. Mwanajuma. Mwanahamisi. Mwanatumu. Niliyasema bila ya wimbo, kama mtu aitaye watoto waje kula, kila jina peke yake bila ya neno lake la sifa. Nikamtaja Mumbua pia. Mwisho nikasema, Mwanakombo, nikautazama mlango.

Komeo halikuvutwa. Wale watoto ndani hawakujua kwamba ni hapo. Walikuwa wangoja wimbo uanze. Tukasimama tukitazamana na mbao, jasho likinishuka ndani ya buibui, hata nikasikia mwanamke mmoja mtu mzima akiwaambia wenziwe kwa sauti ya chini, ya huruma, "Fungueni jamani, nyanya wa watu achoka kusimama."